Akaunti Yako Inatumika Mahali Pengine

Kompyuta yangu ya kazi ilikufa nikiwa katikati ya kuchora kabati la jikoni. Ilizimika, haikuwaka tena, na fundi aliyeifungua aliifunga haraka kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Mimi ni mchoraji wa makabati. Seremala ndiye anayesifiwa, lakini kabla hajashika msumeno lazima mtu akae aamue ubao ukatwe wapi, droo iingie vipi, na bawaba ikae upande gani ili mlango usigongane na friji. Mtu huyo ni mimi. Bila kompyuta sikuwa na mbele wala nyuma, na seremala hakuchoka kunikumbusha. Kila akipiga simu ilikuwa salamu ndefu, kisha swali fupi: "Mchoro uko wapi?"

Ndipo nikakumbuka kidude cha Njiti.

Njiti ni mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu, na jina hilo alipewa na baba kwa wembamba wake. Kidude chake ni mashine ya michezo ya kushika mkononi: kioo katikati, vifimbo viwili vya kuongozea, vibonye kila upande. Alikiacha chumbani kwake alipokwenda mji mwingine kutafuta kazi, akisema huko anakwenda kufanya kazi, si kucheza. Siku aliyotuahidi kurudi likizo alipiga simu asubuhi, akamwambia mama yuko kituoni, anapanda basi. Basi hilo halikufika. Lilitumbukia mtoni, na abiria wengine hawajaonekana mpaka leo. Njiti tulimweka miongoni mwa hao. Baba alipokea watu sebuleni, akashika mikono yao, akaitikia kila pole. Tulilia tukamaliza, kama watu wanavyosema, ingawa hakuna aliyemaliza.

Kwa hiyo nilikichukua kile kidude kwa woga. Nikakifuta vumbi, nikakichaji, nikakiwasha, na picha ya Njiti ikatokea pembeni mwa kioo, amekunja uso kwa kujifanya mkali. Nilikaa nayo kitambo. Kisha nikafanya kilichonileta, maana seremala alikuwa anapiga tena.

Niligundua kwamba chini ya michezo kulikuwa na kompyuta nzima ya mfumo wa Linux. Ukishikilia kitufe cha kuzimia, kinakuuliza kama unataka kwenda kwenye meza ya kazi, yaani kioo cha kompyuta ya kawaida. Nilikiunganisha na televisheni ya sebuleni, nikachomeka kibodi na kipanya, nikaweka programu yangu ya kuchorea na ya kuchapishia, na sebule ikawa ofisi. Baba, dereva mstaafu wa malori, alilalamika kwamba taarifa yake ya habari imeporwa. Nilimwambia atasoma gazeti, macho yake bado mazima kuliko ya sisi sote.

Siku chache nilifanya kazi kwa raha. Kisha kidude kikajisasisha chenyewe, na nilipokiwasha programu zangu hazikuwepo. Zote. Kama hazikuwahi kuwekwa. Nikamwita fundi, akaja na mkoba wake, akapekua, akacheka.

"Dada, hivi vitu uliviweka ndani ya mfumo?"

"Niliviweka kwenye kompyuta. Ulitaka niviweke kwenye jokofu?"

"Mfumo huu umefungwa. Chukulia ni nyumba ya kupanga. Kitanda chako weka, viti vyako weka, lakini ukitoboa ukuta, mwenye nyumba akipita anaziba. Sasisho ndiye mwenye nyumba." Akanionyesha folda ya mtumiaji, ile yenye jina la Njiti. "Weka kila kitu humu. Humu hawagusi. Au tufute vyote, tuweke mfumo wa kawaida, utoboe kuta unavyotaka."

Mama alikuwa jikoni, na masikio ya mama yangu hayahitaji fundi.

"Hakifutwi kitu cha mwanangu," alisema.

Fundi hakubishana. Alinipangia programu zangu katika folda ya mdogo wangu, kisha akanionya nisitoke kwenye akaunti ya mwenyewe, maana paswedi hatuijui, na kidude hiki bila akaunti hakimfikishi mtu popote. Sikutoka. Kila asubuhi nikawa nawasha televisheni, naipita ile picha ya uso uliokunjwa, naingia kwenye kazi yangu. Nilichora makabati ya watu katika akaunti ya marehemu, na baada ya muda sikuona ajabu yake tena. Binadamu huzoea kila kitu, hata anachopaswa kukiogopa.

Siku ninayoisimulia, baba alikuwa ametoka kwenda kunyoa, na binti yangu yuko chekechea. Nilikuwa nimemaliza kabati la kona lililonisumbua wiki nzima. Mama akaja na kikombe chake cha chai, akakaa kwenye kochi. Mama macho yake yana mtoto wa jicho. Televisheni huiona rangi zikitembea, maandishi haoni kabisa.

"Lile shamba lake bado limo humo?" aliuliza.

"Shamba gani, mama?"

"Alikuwa na shamba humo ndani. Alikuwa akinionyesha ng'ombe."

Nikakumbuka. Katikati ya michezo ya mpira na ya bunduki, Njiti alikuwa na mchezo mmoja wa taratibu wa kulima. Unapanda, unamwagilia, unangoja mvua, unakamua ng'ombe. Mtu ambaye nyumbani hakuwahi kumwagilia hata ua la kopo alikuwa akiamka mapema kuwahi mahindi ya kwenye kioo. Na ng'ombe wake wote aliwapa majina ya utani ya watu wa nyumbani. Yule aliyekuwa akipiga mateke ndoo aliitwa Kichwa Ngumu, yaani mimi.

"Hebu nifungulie," mama alisema. "Nimemkumbuka leo."

Nikaubonyeza mchezo. Haukufunguka. Katikati ya televisheni kikatokea kisanduku cheupe: *Akaunti yako inatumika mahali pengine. Mchezo huu unachezwa sasa hivi kwenye mashine nyingine. Ukiuanzisha hapa, utafungwa kule.*

Nilisoma. Nikarudia kusoma, polepole, kama ninavyorudia vipimo nisivyoviamini.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza.

"Kinafunguka taratibu. Subiri."

Nilitoka nje nikampigia fundi. Nilimsomea yale maneno, na yeye hakushtuka hata kidogo, jambo lililonikera.

"Pole, dada. Hiyo imeibiwa. Akaunti iliyokaa bila mwenyewe ni kama gari lililotelekezwa barabarani, wahuni hawachelewi. Bonyeza endelea, umtoe."

"Kule ataona nini?"

"Ataona ametolewa. Na kama ni mjanja, siku zote alikuwa anaona kwamba na wewe upo. Kidude chako kikiwashwa kinajitangaza."

"Kila siku?"

"Kila ukiwasha."

Nilirudi sebuleni nimefura. Kumbe kuna mwizi, huko alipo, amekaa anakamua ng'ombe wa mdogo wangu aliyekufa maji, na kila asubuhi anatazama taa yetu ikiwaka, anatucheka. Nikakaa, nikabonyeza endelea kwa nguvu kama mtu anayemsukuma mgeni mlangoni.

Shamba likafunguka. Nilikuwa nalikumbuka dogo, matuta machache na kibanda. Sasa kulikuwa na nyumba ya ghorofa, kisima, uzio mrefu na miti ya matunda iliyopangwa kwa mistari.

"Nieleze," mama alisema, amesogea mbele. "Unaona nini?"

"Limekua, mama. Limekuwa kubwa."

"Si nilikwambia? Mvivu wa nyumbani, kule alikuwa mchapakazi."

Nilikuwa nahangaika na vile vifimbo. Nilikwenda upande upande, nikaingia bwawani, nikatoka, nikafika zizini. Nilitegemea ng'ombe wameuzwa au wamebadilishwa majina, maana mwizi ana haja gani na Kichwa Ngumu? Lakini wote walikuwepo. Kila niliyemkaribia jina lilitokea juu yake: Mama. Mzee Lori. Kichwa Ngumu. Wamenenepa, wanang'aa. Na nyuma yao, kwenye majani, ndama mdogo wa kahawia. Nikamsogelea, jina lake likatokea.

Kifungo.

Kifungo ni binti yangu. Tulianza kumwita hivyo alipomeza kifungo cha shati la baba yake tukakesha tunakisubiri kitoke. Alizaliwa baada ya lile basi. Njiti hakuwahi kumwona, hakuwahi kumsikia. Mwizi hawezi kujua jina hilo. Sana sana ningemsingizia mtu anayefuatilia picha ninazoweka kwenye ukurasa wangu wa simu, ambapo humwita hivyo kila mara. Na mtu gani anaingia kwenye ukurasa wa mchoraji wa makabati, anatazama picha za mtoto asiye wake, kisha anakwenda kumpa ndama jina lake?

Nilisikia friji ikinguruma jikoni, nikasikia mtu anapita nje anaongea na simu, na vyote vilikuwa mbali. Nilifurahi, nasema kweli, furaha ilinipanda mpaka kooni. Hapohapo nyuma yake ikaja hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Mama," nilisema. "Njiti yu hai."

Mama hakutikisika. "Nani kakwambia?"

"Hapa kuna ndama anaitwa Kifungo."

Akakiweka kikombe chake juu ya karatasi niliyochapisha mchoro wangu wa kabati la kona. Chai ikamwagika, hatukuifuta.

"Rudia," alisema.

Kabla sijarudia, shamba likatoweka. Kisanduku cheupe kikarudi: *Akaunti yako inatumika mahali pengine.* Alikuwa amenitoa. Nikabonyeza endelea, nikamtoa yeye. Haikupita muda akanitoa tena. Nikamtoa tena. Tulikuwa hivihivi utotoni, tukinyang'anyana rimoti mpaka mama aizime televisheni, isipokuwa sasa mama alikuwa kando yangu ameshika mkono wa kochi kwa mikono yote miwili, akiniambia, "Usimwachie. Usimwachie."

Getini mwa lile shamba kulikuwa na ubao wa kuandika jina la shamba. Nikaufikia mbio. Nikafuta jina lililokuwepo, nikaandika kwa kibodi: NJITI NI MIMI. MAMA YUKO HAPA. RUDI NYUMBANI. Nikahifadhi, kisha nikafunga mchezo mwenyewe, nikamwachia nafasi aingie asome.

Baba alirudi wakati huo, kichwa kimenyolewa, ana nywele shingoni. Akatukuta tumekaa tunaangalia televisheni isiyoonyesha kitu.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa," mama alisema. "Hiyo ndiyo habari."

Nikamweleza yote, kuanzia kisanduku hadi ndama. Baba alisikiliza amesimama. Nilidhani angeuliza yuko wapi, anaumwa, anakula nini. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kile wanachokalia wageni.

"Nilishika mikono ya watu," alisema. "Hapa hapa. Wanaume wazima wamelia begani kwangu. Niliokuwa nao barabarani, tumelala chini ya malori pamoja, wamekuja hapa kulia. Na yeye yuko mahali anakamua ng'ombe?"

"Baba, hatujui alipatwa na nini."

"Alipiga simu, akasema anapanda basi. Kumbe hakupanda. Akasikia limezama, akasikia tunamlilia, akanyamaza. Huyo nilishamlilia. Simlilii mara mbili, na mlango wangu asiujue."

"Punguza sauti," mama alimwambia. "Mwenzio anasoma."

Nilibonyeza mchezo kuangalia. Kisanduku kiliniambia unachezwa mahali pengine. Yumo. Amesimama getini mwa shamba lake, anasoma maneno yangu. Sikumtoa. Tulikaa watu watatu sebuleni kama wanaosubiri daktari atoke. Mama alikuwa akiniuliza, "Bado?" namjibu, "Bado." Nikajaribu tena, na tena. Mara ya mwisho mchezo ukafunguka. Alikuwa ametoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye ubao. Maneno yangu yalikuwa yamefutwa, na mahali pake pameandikwa:

SIKUPANDA BASI. NILIONA AIBU KURUDI MIKONO MITUPU. NAKUONA KILA ASUBUHI UKIWASHA, ILINITOSHA. SASA NIACHENI NIWE MAREHEMU.

Ile *ilinitosha* ilinichoma kuliko marehemu. Akaunti yake, paswedi yake. Angeweza kunitoa siku ya kwanza niliyokiwasha, na hakunitoa. Aliniacha nichore, kila siku, naye kule anaona jina lake limewaka, anajua sebule ile kuna mtu, labda mama kakaa kwenye kochi, labda Kifungo anapiga kelele. Hakuwa na dirisha jingine la kutuona. Na mimi, kwa mdomo wangu mrefu, nilikuwa nimemwambia kupitia dirisha hilo kwamba tumemwona.

"Ameandika nini?" mama aliuliza.

Nilifikiria kumdanganya. Baba alikuwa amesogea nyuma yangu, ameshasoma, na nikajua kutokana na pumzi yake kwamba naye alikuwa anangoja kuona kama nitadanganya. Lakini mama si mtoto. Nikamsomea yote, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho.

Mama akatikisa kichwa polepole.

"Marehemu haoni aibu," alisema. "Mjibu."

"Nimjibu nini?"

"Andika ninavyokwambia. Mwanangu. Umeandika?"

Nikasogeza kibodi. Niliandika *Mwanangu*, na kabla sijafika kwenye nukta televisheni ikawa nyeusi. Ikarudi ikiwa tupu, haina shamba, haina meza ya kazi, haina ile picha ya uso uliokunjwa. Palikuwa na mstari mmoja: *Neno la siri la akaunti hii limebadilishwa. Ingia upya.* Chini yake kisanduku kirefu cha kujaza, na kijistari kinachopepesa.

Njiti alikuwa ametufungia nje. Michoro yangu yote ilibaki ndani, lakini nasema haki ya Mungu, wakati huo sikuikumbuka.

"Mwanangu," mama aliendelea, macho kwenye ule mwanga. "Hapa hakuna aliyekuhesabia ulichokwenda kuchuma. Umeandika?"

Mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi. Ningemwambia. Nilishafungua mdomo.

"Naandika, mama."

"Mwambie sikumbuki hata siku moja nilipomwambia alete kitu. Kama kuna siku nilisema, nilikuwa natania. Mwambie mtoto wa dada yake anacheka kama yeye. Mwambie sikasiriki. Hapana, futa hapo. Mwambie nimekasirika, lakini aje."

Niliandika. Sauti ya vibonye ilikuwa kubwa kwenye sebule ile. Nikageuka kumtazama baba, maana macho yake mazima, alikuwa ameusoma ule mstari kama nilivyousoma mimi. Anajua hakuna anayesoma kule. Na nilimjua baba: si mtu wa kuvumilia uongo hata wa heri. Nilimwomba kwa macho.

Alisimama pale, akakung'uta nywele shingoni. Kisha akaja akakaa kwenye kochi, upande wa pili wa mama, akaitazama televisheni.

"Andika na yangu," alisema.

Mama akamgeukia. "Yako ipi? Si umesema mlango wako asiujue?"

"Andika, baba yako anasema hiyo mikono mitupu, aje nayo hivyo hivyo." Akakohoa, akaendelea. "Nimeshashika ya watu wengi. Nataka yake."

"Umeandika?" mama aliniuliza.

"Naandika."

Nikayaandika yote, ya mama na ya baba, na ndani ya kile kisanduku cha neno la siri kila herufi ilitokea kama kinukta cheusi.